Kutoka mvua za mwisho hadi mabibo: shajara ya bustani yangu ya maua, Shangani, Mtwara

20 Aprili 2024

Mvua zinaaga. Wiki hii imenyesha mara mbili tu, tena usiku, na kukipambazuka udongo umeshakunywa maji yote kama haikunyesha.

Kwa wasomaji wa mbali: huku kusini mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei, kisha ni kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, na ukavu mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kila mtu anapanda maua mvua zikianza. Na mimi nimepanda hivyo miaka minne mfululizo, na kila Oktoba nabaki na bogenvilia na vijiti. Mwaka huu nageuza. Kazi kubwa naifanya sasa, udongo ukiwa bado na unyevu, na lengo ni moja: asumini ya mama ifike Novemba ikiwa hai na ikiwa inachanua.

Uwanja ni hatua 14 kwa 9, nyuma ya nyumba aliyotuachia mama. Udongo ni mchanga wa kijivu, kina chake kiganja na nusu, baada ya hapo unagonga jiwe la matumbawe. Kilichopo leo: mashina matatu ya asumini (moja la mama, mawili ni watoto wake), mawaridi mawili, iksora tano zenye majani ya manjano, haibiskasi nne kwenye mstari, na bogenvilia moja yenye ugomvi na kila anayepita. Iko pia franjipani ya jirani, ambayo shina ni lake na uchafu wa majani ni wangu.

Bajeti ni shilingi 100,000. Nitaandika kila shilingi, hata zile za aibu.

27 Aprili

Samadi ya mbuzi magunia manne, 3,000 kila moja. Mashimo ya nyongeza nimechimba kwa mtaimbo, maana jembe hapa linarudi na cheche. Hakuna la kusimulia zaidi ya malengelenge.

6 Mei

Kimbunga Hidaya kimepita. Ijumaa na Jumamosi tulikaa ndani tukisikiliza bati. Kilikwenda kuishiwa nguvu upande wa Mafia, lakini upepo na mvua vilitufikia, na barabara ya Dar es Salaam imekatika huko Kilwa. Watu wana hasara kubwa, ya kwangu ni ya kuchekesha: mbegu za zinia nilizoagiza zimekwama ndani ya basi.

Bogenvilia imelala chali. Nimeikata mpaka urefu wa goti na haikunisikitisha. Tawi nene la franjipani limevunjika, nikaona neema: nimelikata vipande vinne, nikavichomeka ardhini palepale, maziwa yakiwa bado yanatiririka. Udongo ni laini, nikasema vitashika upesi.

19 Mei

Havikushika. Nilipovuta kipande cha kwanza kilitoka chenyewe, chini kimekuwa uji wa kahawia wenye harufu ya muhogo uliooza. Vyote vinne. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu, umeyazika yakiwa yanavuja damu?"

Franjipani ukiikata, iweke kivulini siku saba mpaka kumi hadi kidonda kikauke na kufunga, ndipo upande. Maziwa yakiwa mabichi na udongo ukiwa umelowa, kidonda ni mlango wa kuoza. Nimekata vipande vingine vinne, viko juu ya kabati la vyombo.

Asumini nimezipogoa theluthi moja. Huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo shina lililozeeka bila kukatwa hutoa majani mengi na ua la kutafuta kwa tochi. Mama alikuwa akikata bila huruma na mimi nilikuwa nikimlilia yule mti. Nimelaza pia matawi matatu ya chini: kila moja nimelikwangua gome kidogo upande wa chini, nikalifukia katikati, nikaweka jiwe juu, ncha ikabaki nje. Nitaangalia mwisho wa Julai.

Kwa kuwa mbegu za Dar bado hazijafika, nimeanza kukusanya zangu: vichwa vya zinia vilivyokauka, na vinka. Vinka inataka uvizie. Vijiganda vyake vikikomaa hupasuka vyenyewe, na ukichelewa siku moja unakuta maganda matupu. Miche 48 ya vinka iliyojiotea nimeihamishia kwenye matuta mawili ya mbele.

2 Juni

Leo ni kutandaza. Kusi limeanza kuvuma mchana, na mchanga huu ukiachwa wazi unakauka kabla ya alasiri. Nilitaka kitu kizito kisichopeperuka, na Mtwara kitu hicho kipo bure: maganda ya korosho. Kikundi kimoja cha kubangua kimenipa magunia matano, nikalipa bajaji 5,000 tu. Nimetandaza kwenye mawaridi, haibiskasi na tuta la kwanza la vinka lenye miche 32. Tuta la pili, miche 16, maganda yaliisha kabla sijalifikia.

Panapendeza sana. Rangi ya kahawia iliyoiva, kama bustani za kwenye picha.

9 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu asubuhi vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinawaka. Jumanne vimepata weusi kama nimeshika wino, na Jumatano ngozi ya katikati ya vidole ikaanza kutoka. Nimeosha kwa sabuni, kwa ndimu (msijaribu), kwa majivu. Bibi alikuja, akautazama mkono, akatazama matuta.

"Hayo umeyatoa wapi?"

Nikamwambia.

"Yamekaangwa au yamepikwa kwa mvuke?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ganda la korosho lina mafuta ndani yake, mazito, meusi, yanayounguza ngozi. Bibi zetu walikuwa wakikaanga korosho kwenye bati lililotobolewa, mafuta yakashika moto, moshi ukafukuza kijiji, na ganda lililobaki lilikuwa karibu mkaa. Ndilo ganda nililokulia nikiliona limetupwa uwanjani bila kumdhuru mtu. Lakini korosho zinazopikwa kwa mvuke maganda yake hubaki na mafuta karibu yote. Wabanguaji hupaka mikono mafuta ya nyonyo kabla hawajagusa kazi. Mimi niliyashika kwa mikono mitupu kama ninayepepeta mchele.

Na vinka je? Tuta lenye maganda: miche 27 kati ya 32 imekufa. Yote kwa namna moja: shina linageuka kahawia pale linapogusana na ganda, linanyong'onyea kama uzi, mche unalala. Tuta lisilo na maganda: umekufa mmoja kati ya 16, na huo alikanyaga kuku. Sikupanga kufanya jaribio, maganda kuisha ndiko kulikonifanyia. Mawaridi na haibiskasi, kwa sababu ni miti mikubwa na magome yamekomaa, hayajaonyesha dalili.

Gharama: mafuta ya nyonyo 3,000. Maganda yote nimeyakusanya kwa koleo na kuyarudisha gunini. Mama ntilie wa njia panda ameyachukua kwa furaha kuwashia moto. Nimemwambia asikae upande wa moshi.

30 Juni

Makumbi ya nazi. Ndilo jibu, na lilikuwa limelala nyuma ya kila nyumba ninayoifahamu. Bajaji 5,000, makumbi bure. Nimeyachambua vipande vya kiganja, nikayaloweka usiku kucha kwenye pipa na kumwaga maji yake (maji ya kwanza ni mekundu kama chai ya rangi, na makumbi ya pwani hubeba chumvi), kisha nikayatandaza unene wa vidole vinne, nikiacha duara tupu kuzunguka kila shina. Makumbi hushikana yenyewe kwa yenyewe, upepo hauyabebi.

Ukichokoa chini yake saa nane mchana mchanga bado umepoa. Pasipo makumbi, mchanga unachoma kidole.

Vipande vya franjipani, kidonda kimefunga kwa ngozi ngumu nyeupe, nimevipanda leo kwenye mchanga mkavu. Maji sivipi mpaka nione jicho limevimba.

21 Julai

Kusi lenyewe sasa. Asubuhi hata sisi watu wa pwani tunajifunika kanga mbili, na kuanzia saa nne upepo unakuja moja kwa moja kutoka baharini bila kubisha hodi. Wiki iliyopita majani ya haibiskasi ya upande huo yalikuwa na kingo za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Nilipitisha kidole kwenye jani, nikalamba. Chumvi tupu.

Nikasimamisha mabati matatu ya zamani, yaliyotoka kwenye paa la jiko, nikayapigilia kwenye nguzo upande wa upepo. Ukuta kamili, hakuna tundu. Siku ya kwanza nilijisifu. Siku ya pili niliona jambo la ajabu: haibiskasi zilizo nyuma kabisa ya bati zimetulia, lakini asumini, hatua tatu au nne ndani zaidi, inapigwa kuliko zamani. Matawi yalikuwa yanazunguka, hayaegemei upande mmoja. Binti yangu akaachia mfuko wa plastiki mbele ya bati. Ukapanda, ukaruka juu ya ukingo, ukaanguka upande wa pili na kuanza kuzunguka palepale juu ya asumini kama kishada kilichopotewa na mwenyewe. Upepo hauzuiliki kwa ukuta, unauruka na kutua kwa hasira.

Usiku wa tatu bati moja liling'oka likakata haibiskasi kiunoni. Mjomba, ambaye amevua samaki miaka yote, alipita kutoa pole. Akayashika yale mabati mawili yaliyobaki, yakimtetemekea mkononi.

"Mwanangu, hapa hukujenga ua. Umetweka tanga."

Tumebomoa. Badala yake: fito kumi (10,000), makuti 40 (20,000), kamba (4,000). Mjomba amekataa malipo, amekula wali na pweza. Mambo mawili aliyonisisitizia nayaandika kwa anayetaka kuiga. Kwanza, usisuke makuti yabanane. Simama nyuma ya ua, na kama humwoni mtu anayepita upande wa pili, umebana mno. Upepo upite, lakini upite umechoka. Pili, ua usifungwe kwa misumari bali kwa kamba, uweze kuyumba. Urefu ni wa kifua changu. Mfuko wa plastiki sasa unagonga makuti na kuanguka hapohapo. Utulivu unafika hatua sita au saba ndani, yaani asumini zote tatu zimo.

Kila jioni ya upepo mkali naosha majani ya mstari wa mbele kwa maji ya bomba, ndoo moja tu. Chumvi isilale juu ya jani.

Matawi yaliyolazwa: mawili yana mizizi mirefu kama kidole cha mtoto. La tatu siku ile sikulikwangua vizuri, halina kitu. Nimeliacha.

11 Agosti

Msimu wa salfa. Jirani mwenye mikorosho anapuliza alfajiri, kabla upepo haujaamka na umande ukiwa bado kwenye majani, kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho. Tunaamka nyumba nzima inanuka kiberiti. Mwaka jana nilinuna. Mwaka huu mawaridi yangu yana unga mweupe kwenye machipukizi, ugonjwa wa jamii ileile ingawa kimelea chake ni kingine, nikaenda kuomba kopo moja. Nimeinyunyiza kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kama kifuko cha ubani, kanga imefunika pua, saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya wiki mbili machipukizi mapya ni safi. Msifanye jua likiwa kali, salfa inaunguza majani. Najua kwa sababu waridi la pili nililifanyia saa tano.

Sasa iksora. Hizi zimenitesa miaka minne. Majani yanakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, unaweza kuihesabu kama mifupa ya dagaa. Ushauri wa mtaa ni misumari yenye kutu kwenye shina: "inataka chuma." Nimezika misumari kopo zima mwaka juzi, haikubadilika hata moja. Ni kweli mmea unakosa chuma, lakini chuma kimo udongoni. Kinachokosekana ni njia ya kukichukua, kwa sababu jiwe la matumbawe ni chokaa, na kwenye udongo wa chokaa chuma hufungika mizizi isikipate. Kutu nayo ni chuma kilichofungika vilevile. Nilikuwa namletea mgonjwa asiyeweza kumeza sahani ya pili ya ugali.

Salfa iliyobaki nimeichanganya kwenye udongo wa iksora mbili, maana vijidudu vya udongoni huigeuza polepole kuwa asidi. Tutaona, ila sina matumaini. Kijiko cha asidi juu ya mwamba mzima wa chokaa!

Tatu nimezing'oa na kuzipandikiza kwenye ndoo kubwa za rangi zilizotobolewa chini. Nimenunua ndoo tano kwa 2,000 kila moja, mbili zikisubiri zile dada zao. Udongo ni mwekundu wa bara, kirikuu (kigari cha mizigo) kimoja 30,000, uliochanganywa na samadi iliyooza. Hapa ndipo bajeti ilipopasuka.

22 Septemba

Kisima kimeanza kuwa na ladha. Kila mwaka mvua zikishakaa mbali, maji matamu yaliyo juu hupungua na ya chumvi hukaribia. Kipimo chetu ni chai: ikihitaji sukari ya ziada, maji hayo hayafai kwa ua.

Nilikuwa namwagilia kidogokidogo kila jioni, nikijiona mwangalifu. Nilipofunua makumbi chini ya waridi nikakuta ukoko mweupe juu ya mchanga. Maji kidogo hayashuki; yanalowesha juu, yanakauka, yanaacha chumvi palepale mizizi ilipo. Sasa namwagilia mara mbili kwa wiki, kwa wingi, mpaka maji yazame. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, kwa hiyo nanunua madumu, 300 kila moja. Iksora za kwenye ndoo hazipati kisima kabisa, maana maji ya kisima hiki yana chokaa, nami sikulipa 30,000 ili nirudishe chokaa kwa ndoo.

Mitungi minne ya udongo (5,000 kila mmoja) nimeifukia mpaka shingoni, mmoja kando ya kila shina la asumini na mmoja katikati ya mawaridi. Unajaza, unafunika mbu wasizaliane, maji yanajichuja polepole kwenye udongo. Mitatu huisha kwa siku tatu. Wa nne umekaa wiki nzima umejaa. Nikautoa, nikaukwaruza kwa kisu: umepakwa vanishi. Niliuchagua mwenyewe kwa sababu ulikuwa unang'aa. Sasa unakaa sebuleni.

13 Oktoba

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yameanza kuanguka, mtaa mzima una harufu yake, na nzi wake.

Hesabu. Samadi 12,000. Maganda na dawa ya ujinga wake 8,000. Bajaji ya makumbi 5,000. Ua 34,000. Ndoo 10,000. Udongo 30,000. Mitungi 20,000. Madumu 64 ya maji, 19,200. Jumla 138,200. Nimezidisha 38,200, na kama ningeanza upya ningefuta maganda na mtungi wa vanishi, basi. Ua ningeujenga hata kwa kukopa.

Iksora: tatu za kwenye ndoo, majani yote mapya ni ya kijani. Mbili zilizobaki ardhini na salfa yake ziko vilevile. Wiki ijayo zinaingia kwenye ndoo zao. Haibiskasi iliyokatwa na bati imechipua matawi matano pale ilipokatwa, imekuwa nzuri kuliko wenzake, jambo ambalo sijamwambia mjomba. Franjipani: tatu kati ya nne zina majani. Vinka 15 za tuta la pili zinachanua, za tuta la kwanza tusiziongelee. Bogenvilia imerudi na ugomvi wake.

Asumini. Jana saa kumi na moja jioni, vikiwa bado vimefumba, nilihesabu vitumba 63 kwenye shina la mama peke yake. Oktoba ya mwaka jana palikuwa na majani tisa. Bibi alikuja na kikapu, kuna harusi kwa wajukuu zake, vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia, vinatakiwa. Alichuma kwa ncha za vidole, akiviangusha kwenye jani la mgomba lililolowa, hakuongea mpaka alipomaliza.

"Hivi vitoto viwili ulivyolaza, kimoja ni changu."

Nimempa kile chenye mizizi mingi, pamoja na makumbi ya kutandaza.

Mbegu ziko kwenye makopo zikisubiri Novemba. Leo nimefungua la zinia, nikakuta panya ametoboa mfuniko wa plastiki. Zimebaki za kujaza kijiko kimoja cha chai. Zile za Dar zilifika Juni, bado zimo kwenye pakiti yake. Nitazigawa nusu kwa nusu na kuzipanda matuta tofauti, nione zipi zitahimili.